Brady au Manning: uanze kumtazama nani?

Mtu akishaamua kuujaribu mpira wa Kimarekani, kinachomshinda mara nyingi ni saa. Mechi za mapema za NFL, ligi kuu ya mchezo huu, siku ya Jumapili huanza saa mbili usiku kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, ikifika Novemba zinasogea hadi saa tatu, na Super Bowl yenyewe, fainali ya msimu, huanza kama saa nane na nusu usiku, Jumatatu imeshaingia na kazi inakusubiri. Kukeshea mchezo ambao hata sheria zake huzijui ni kujitesa. Afadhali uchague mchezaji mmoja aliyekwisha kustaafu, utazame mechi zake za zamani mchana kweupe, ukisimamisha video na kuirudisha nyuma hadi macho yazoee. Na mchezaji wa kumchagua ni kwotabeki, maana karibu kila shambulizi hupitia mikononi mwake.

Majina yatakayokujia kwanza ni mawili: Tom Brady na Peyton Manning. Walicheza zama moja na walikutana uwanjani mara 17. Ukiuliza nani alishinda zaidi, mjadala hauna nyama: Brady ana ubingwa mara 7, Manning mara 2. Lakini anayeanza hana haja ya kujua nani mkubwa. Anachohitaji ni mtu wa kumfungulia mchezo. Kwa hilo nasema Manning kwanza, Brady baadaye, na nitakueleza ni nani anayepaswa kunipuuza akaanza na Brady.

Kazi yenyewe

Timu inayoshambulia hupewa nafasi 4 za kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inahesabu upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Mpira ukibebwa au kudakwa ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni, pointi 6, na baada yake timu huchagua: ipige teke la pointi 1, au ijaribu kuingia tena kwa pointi 2. Kumbuka hilo la mwisho, litatufaa mbele.

Kati ya nafasi moja na nyingine kuna saa ya sekunde 40. Ndani ya muda huo kwotabeki hupokea maagizo ya kocha kupitia spika ndogo iliyomo kwenye helmeti, huwaambia wenzake nani akimbilie wapi, kisha husogea mstarini na kuwasoma walinzi walivyojipanga. Spika hukatwa zikibaki sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake. Akishapewa mpira ana kama sekunde 3 za kuamua, kabla majitu ya kilo 120 na zaidi hayajamfikia.

Hizo sekunde 15 ndizo zinazowatenganisha hawa wawili kwa macho ya mtazamaji.

Manning alizitumia hadharani. Pale Indianapolis, akiwa na kocha wa mashambulizi Tom Moore, mara nyingi Colts hawakukusanyika duara kupeana maelekezo. Walikwenda moja kwa moja mstarini, Manning akiwa na mbinu zaidi ya moja kichwani, akaamua pale pale kufuatana na alichokiona. Tazama mikono yake. Ananyoosha kidole kumwonyesha mlinzi wa kati, anasogea hatua mbili kushoto, anamhamisha mkimbiaji upande wa pili, anarudi nyuma ya Jeff Saturday anayempa mpira, anapaza sauti, anabadilisha tena. Baadhi ya anayoyasema ni amri, baadhi ni ya kuwahadaa wapinzani. Alipohamia Denver Broncos, neno lililovuma ni "Omaha", jina la mji wa Nebraska, ambalo maikrofoni za televisheni zililinasa mara nyingi hadi makampuni ya mji huo yakaahidi kuchangia mfuko wake wa hisani kila atakapolitamka. Kampuni yake ya vipindi leo inaitwa Omaha Productions.

Kwa mgeni, hii ni shule ya bure. Unaona swali likiulizwa na walinzi, unamwona Manning akitafuta jibu, halafu mpira unaanza na unajua kama alipatia. Simamisha video anaponyoosha kidole, jiulize ameona nini, kisha endelea. Baada ya mechi chache utaanza kuwaona walinzi kabla yake.

Brady aliwasoma walinzi kwa kiwango hicho hicho, ila kazi yake haionekani kirahisi. Yeye ni mtu wa kutoa mpira haraka: pasi fupi kwa Wes Welker au Julian Edelman, pasi ya katikati kwa Rob Gronkowski, yadi 7, yadi 9, yadi 6, mara wako mbele ya lango la wapinzani na hujui walifikaje. Asiyejua mchezo ataona kama mambo yanajiendea yenyewe. Atachoka, atazima, na hatakuwa na kosa.

Walikotoka

Hapa hadithi ya Brady ni tamu zaidi, sina ubishi.

Manning ni mtoto wa fani. Baba yake, Archie, alichaguliwa wa 2 kwenye drafti ya 1971 (zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu) na akawa kwotabeki wa New Orleans Saints, timu iliyokuwa ikifungwa miaka nenda miaka rudi. Mdogo wake, Eli, naye akawa kwotabeki, na aliishinda timu ya Brady mara 2 kwenye Super Bowl akiwa na New York Giants. Kwa hiyo ukisikia kwamba Brady aliteswa na akina Manning, si porojo. Kaka yao mkubwa, Cooper, aliachishwa mpira na maradhi ya uti wa mgongo akiwa bado kijana. Peyton alisoma Chuo Kikuu cha Tennessee, akamaliza shahada kwa miaka 3, akakataa kwenda kulipwa mapema, akabaki mwaka mmoja zaidi. Mwaka 1998 Colts walimchagua wa kwanza kabisa, wakimwacha Ryan Leaf aliyechukuliwa wa 2 na San Diego Chargers. Leo linaonekana jambo la wazi, lakini wakati ule wataalamu walibishana sana. Leaf hakudumu.

Usidhani Manning alianza kwa kishindo. Msimu wake wa kwanza Colts walishinda mechi 3 na kufungwa 13, na pasi zake 28 zilinaswa na wapinzani, idadi ambayo hakuna kwotabeki mgeni aliyeifikia. Mwaka uliofuata walishinda 13, wakafungwa 3.

Brady alizaliwa San Mateo, California, akakulia kwenye mapenzi ya San Francisco 49ers. Mwaka 1995 timu ya besiboli ya Montreal Expos ilimchagua. Akaenda zake Chuo Kikuu cha Michigan kucheza mpira wa Kimarekani, ambako alisota benchi nyuma ya Brian Griese, na hata zamu yake ilipofika alilazimika kuigawana na kijana Drew Henson. Kwenye drafti ya 2000 majina 198 yalisomwa kabla ya lake, wakiwemo makwotabeki 6. Kuna picha yake ya siku za vipimo, kifua wazi, kaptura pana, mwili wa mtu asiyeonja mazoezi. Yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 5.28, na huo ni mwendo wa mtu mzito wa safu ya mbele. New England Patriots wakamchukua raundi ya 6.

Hata hapo hakuwa na nafasi. Kwotabeki wa kwanza wa timu alikuwa Drew Bledsoe, aliyekuwa ametoka kutia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 103. Tarehe 23 Septemba 2001 Mo Lewis wa New York Jets alimgonga Bledsoe kwa nguvu hadi akavuja damu ndani ya kifua. Brady akaingia. Miezi michache baadaye, Februari 2002, Patriots walikuwa sawa na St. Louis Rams 17 kwa 17, imebaki dakika 1 na sekunde 21, hawana muda wa mapumziko hata mmoja, mpira uko mbali kwenye yadi ya 17 ya upande wao. Mchambuzi wa televisheni, John Madden, alisema hewani wapoteze muda wasubiri nyongeza. Kijana wa miaka 24 akaupeleka mpira mbele pasi kwa pasi, akaugonga chini kusimamisha saa zikiwa zimebaki sekunde 7, na Adam Vinatieri akapiga teke la yadi 48. Mechi ikaisha 20 kwa 17.

Kama wewe ni mtu wa hadithi, wa kutaka kujua kwanza nani alitoka wapi na alidharauliwa na nani, anza na Brady wala usinisikilize. Sheria utazijua mbele ya safari.

Kwa tarakimu

| | Brady | Manning |
|---|---|---|
| Drafti | 2000, nambari 199 | 1998, nambari 1 |
| Timu | Patriots, Buccaneers | Colts, Broncos |
| Misimu | 23 | 18 (wa 2011 hakucheza) |
| Yadi za pasi, msimu wa kawaida | 89,214 | 71,940 |
| Tachidauni za pasi, msimu wa kawaida | 649 | 539 |
| Super Bowl | alishinda 7 kati ya 10 | alishinda 2 kati ya 4 |
| Mchezaji Bora wa Msimu | mara 3 | mara 5 |

Jedwali hili linampa kila mmoja cha kujivunia, na ndiyo maana halimalizi ubishi. Mimi naona takwimu moja isiyo ndani yake inasema zaidi. Mwaka 2008 Brady aliumia goti kwenye mechi ya kwanza ya msimu. Patriots wakamweka Matt Cassel na bado wakashinda mechi 11 kati ya 16. Mwaka 2011 Manning alikosa msimu mzima kwa ajili ya shingo. Colts, waliokuwa wameshinda 10 mwaka uliotangulia, wakashinda 2 tu. Mmoja alikuwa ndani ya mtambo uliojengwa vizuri na kocha Bill Belichick. Mwingine alikuwa mtambo wenyewe. Mashabiki wa Brady watanijibu kwamba mwaka 2020, alipohamia Tampa Bay, alichukua ubingwa akiwa na miaka 43 na Belichick akabaki na timu iliyofungwa mechi 9. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito. Lakini linathibitisha thamani ya Brady bila kuipunguza ya Manning.

Kuna na suala la fedha. NFL huweka kikomo cha mishahara ambacho timu haiwezi kukivuka, hivyo dola anayolipwa kwotabeki ni dola asiyolipwa mtu mwingine. Brady alijulikana kwa kukubali mikataba iliyo chini ya bei yake sokoni, na Patriots wakapata nafasi ya kununua walinzi. Manning alilipwa kinachomstahili: mwaka 2004 alisaini miaka 7 kwa dola milioni 98. Simlaumu hata kidogo. Kazi inayovunja shingo ilipwe. Ila ukitaka kujua kwa nini safu ya ulinzi ya mmoja mara nyingi ilikuwa bora kuliko ya mwingine, sehemu ya jibu iko hapo.

Kuhusu dosari nitapita haraka. Patriots waliadhibiwa 2007 kwa kurekodi ishara za wapinzani, na Brady mwenyewe alifungiwa mechi 4 mwaka 2016 katika sakata la mipira iliyopunguzwa upepo. Manning alitajwa kwenye ripoti ya dawa za kuongeza nguvu mwishoni mwa 2015. NFL ikachunguza, ikasema haikupata ushahidi.

Walipokutana

Brady alishinda mara 11, Manning 6. Lakini zichambue hizo mechi. Brady alishinda 6 za kwanza mfululizo, na zipo za kuumiza: Januari 2004, kwenye fainali ya AFC (nusu moja ya ligi, ambayo bingwa wake huenda Super Bowl) iliyochezwa Foxborough, pasi 4 za Manning zilinaswa, 3 kati yake na Ty Law. Colts walilalamika kwamba wapokeaji wao walishikwa shikwa uwanja mzima. Ligi ikawaagiza waamuzi waikaze sheria iliyokuwepo, na msimu uliofuata Manning akarusha tachidauni 49, akivunja rekodi ya Dan Marino ya 48 iliyodumu tangu 1984. Brady akaivunja kwa 50 mwaka 2007, akiwa na Randy Moss. Manning akairudisha kwake 2013 kwa tachidauni 55, na hadi leo ninapoandika hakuna aliyezifikia.

Kwenye mechi za mtoano, ambako ukifungwa unarudi nyumbani, Manning alimshinda Brady mara 3 kati ya 5. Wengi hawalijui hili, na wanaolijua hupenda kulisahau.

Ya kutazama kuliko zote ni ya Januari 2007, Indianapolis. Patriots waliongoza 21 kwa 3. Manning alikuwa ametoa pasi iliyorudishwa hadi golini kwake. Kila mtu alishaona mwisho wake: huyu ndiye anayeng'ara Oktoba na kuyeyuka Januari. Kipindi cha pili akaanza kuwavua nguo walinzi wa Belichick taratibu, pasi fupi, mbio, pasi fupi, hadi Joseph Addai alipoingia na mpira ikiwa imebaki dakika 1. Brady akapata nafasi ya kujibu, pasi yake ikanaswa na Marlin Jackson. 38 kwa 34. Wiki mbili baadaye, kwenye mvua ya Miami, Colts waliifunga Chicago Bears 29 kwa 17 na Manning akapata pete yake ya kwanza ya ubingwa.

Mwili ulipogoma

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nimpende Manning, na ndiyo inayomwonyesha mtazamaji kwamba ukwotabeki ni akili kabla ya mkono.

Baada ya upasuaji wa shingo mishipa ya mkono wake wa kulia ilipoteza nguvu. Wakati wamiliki wa timu walipokuwa wamewafungia wachezaji nje ya viwanja mwaka 2011, alikwenda Denver kufanya mazoezi kwa siri na rafiki yake wa tangu Tennessee, mchezaji wa besiboli Todd Helton. Pasi ya kwanza aliyoirusha ilidondoka njiani. Helton akacheka, akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Machi 2012 Colts walimwacha aende, wakamchukua Andrew Luck kwa nafasi ya kwanza ya drafti waliyoipata kwa kufungwa sana. (Mwaka mmoja baadaye Colts hao hao walimsajili Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya.)

Huko Denver Manning akarudi uwanjani na mkono uliobaki nusu, na bado 2013 alirusha yadi 5,477. Angalia pasi zake za miaka hiyo: zinayumba, hazina kasi, lakini zimeshafika mahali kabla mlinzi hajajua mpokeaji anaelekea wapi. Msimu huo uliishia vibaya, Seattle Seahawks wakishinda Super Bowl 43 kwa 8. Mpira wa kwanza kabisa wa Broncos ulipita juu ya kichwa chake na kuwapa wapinzani pointi 2. Novemba 2015 alivunja rekodi ya Brett Favre ya yadi nyingi za maisha na kuondolewa uwanjani kwa kucheza vibaya, yote katika mechi moja. Februari 2016 akashinda Super Bowl ya 50 dhidi ya Carolina Panthers, 24 kwa 10, akirusha yadi 141 tu. Ulinzi ulimbeba, naye alijua. Mwezi uliofuata akastaafu.

Brady alifuata njia nyingine kabisa. Aligeuza mwili kuwa dini: usingizi wa mapema, maji mengi, mazoezi ya kunyoosha misuli, nyanya na bilinganya marufuku mezani. Alitangaza kustaafu Februari 2022, akabadili nia baada ya wiki kadhaa, akaondoka kabisa Februari 2023 akiwa na miaka 45. Leo anatangaza mechi kwenye Fox na anamiliki hisa za Las Vegas Raiders, huku Manning akiongea utani na Eli usiku wa Jumatatu kwenye ESPN2. Ukitaka kuendelea kujifunza baada ya kumaliza mechi za zamani, matangazo ya Manning yana faida zaidi: anasimulia anachokiona kabla mpira haujaanza, sawa na alivyokuwa akifanya uwanjani.

Mpangilio wa kutazama

Anza na fainali ya AFC ya Januari 2007. Ni mechi moja yenye Manning mbovu na Manning bora, na Brady yumo. Fuatilia na mechi yoyote ya Broncos ya 2013, ila si Super Bowl yake, utakata tamaa bure. Hapo utakuwa umeshamwelewa kwotabeki anafanya nini, na utakuwa tayari kwa Brady: kwanza ile ya Februari 2002 dhidi ya Rams, halafu ya Februari 2017 dhidi ya Atlanta Falcons. Hiyo ya Falcons ilifika 28 kwa 3 kwenye robo ya tatu, Patriots wakiwa nyuma, na ikaisha 34 kwa 28 kwa wao, Super Bowl ya kwanza kwenda muda wa nyongeza. Brady alirusha mpira mara 62. Asiyejua mchezo ataona muujiza. Wewe utakuwa unaona walinzi wa Atlanta wamechoka miguu na Brady anarudia kuwasukumia pasi fupi zile zile hadi wanaanguka.

Ya mwisho iwe ya Denver, Januari 2016, mara ya mwisho kukutana. Si nzuri kwa macho. Manning hana mkono, Brady anaangushwa chini mechi nzima na Von Miller na wenzake. Lakini angalia robo ya kwanza, Stephen Gostkowski anapokosa teke la pointi 1, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu 2006. Unaweza kuipuuza na kwenda kuchota chai. Kisha sogea hadi sekunde 12 za mwisho: Brady anamtafuta Gronkowski, anampata, ubao unasoma 20 kwa 18, na kwa sababu ya pointi ile moja sasa Patriots wanalazimika kutafuta 2. Aqib Talib wa Denver anaugusa mpira kwa vidole, mwenzake Bradley Roby anaudaka.